Daftari la Uwanja wa Tope

Kila Jumatatu asubuhi Priska hufua jezi kumi na moja. Huzifua kwenye jiwe pana nyuma ya nyumba yao. Jezi kumi ni za kijani. Moja ni ya njano, ya kipa. Timu ya kijiji hucheza Jumapili jioni. Haichezi Jumamosi, maana nusu ya wachezaji ni Wasabato.

Kijiji chao kinaitwa Vungweni. Kiko juu mlimani, wilaya ya Same. Ukisimama mlangoni kwa kina Priska unaona mashamba ya mpunga ya Kihurio kule chini, kijani tupu. Huku juu kila kitu kimeinama. Mashamba yameinama, njia zimeinama. Watu wa tambarare husema hata kuku wa Vungweni wana mguu mmoja mfupi.

Mahali pamoja tu ni bapa. Ni uwanja wa mpira. Uwanja uko chini kidogo ya ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa na wazee kwa mawe na udongo. Usiku, maji ya mfereji hujaa humo. Asubuhi hufunguliwa, na watu humwagilia mashamba kwa zamu. Timu inaitwa Ndivani, kwa sababu ya ndiva hiyo.

Siku hizo jezi zilikuwa zikirudi zimechanika. Uwanja ulikuwa na mashimo. Zamani, kila mwaka kabla ya mvua za vuli, wachezaji walikuwa wakiingia ndivani kutoa tope na kulimwaga uwanjani. Ilikuwa desturi tu. Hakuna kijana aliyejua sababu yake. Miaka mitatu iliyopita waliiacha.

"Tope linatupasua miguu," alisema Nickson, kaka yake Priska. "Afadhali tukimbie barabarani. Ndiyo mazoezi ya kisasa."

Nickson ndiye nahodha. Baba yao, Naftali, ndiye mwenyekiti wa timu. Priska ana miaka ishirini na moja. Alimaliza darasa la saba akabaki nyumbani. Hana maneno mengi, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Mwandiko wake ni mzuri, kwa hiyo barua zote za timu huandika yeye.

Jumatatu moja, mwezi wa tisa, baba yake alirudi kutoka ofisi ya kijiji. Kofia ilikuwa mkononi, si kichwani. Priska aliona, akaacha kufua.

"Kuna nini, baba?"

"Gideoni anataka uwanja."

"Gideoni huyu wa tangawizi?"

"Huyo huyo. Mjukuu wa marehemu Loth. Anasema uwanja ni shamba la babu yake. Eti babu yake alituazima tu. Sasa anataka kupanda tangawizi."

Nickson alitoka ndani na mswaki mdomoni. "Tangawizi uwanjani? Aanze kupanda golini, nimkanyagie!"

"Funga mdomo, povu linamwagika," alisema baba yake. "Hili si jambo la mzaha. Kijiji kinapanga matumizi ya ardhi. Kamati inachora ramani. Wapi mashamba, wapi msitu, wapi makaburi, wapi uwanja. Mkutano mkuu wa kijiji ni baada ya wiki tatu. Mtendaji amesema timu ilete maelezo. Uwanja tuliupata lini? Kwa nani? Kwa makubaliano gani?"

"Na sisi tunajua?" aliuliza Priska.

Naftali alikuna kichwa. "Mimi nilizaliwa nikaukuta."

"Hakuna karatasi?"

"Karatasi ya nini? Kila mtu anajua ni uwanja." Naftali aliketi kwenye jiwe, karibu na jezi zilizolowa. "Ukienda uwanja, timu imekwisha. Hakuna bapa lingine mlima mzima. Na itakuwa imekufa mikononi mwangu."

Priska alikamua jezi ya njano, akaianika.

"Nitaandika mimi hayo maelezo," alisema.

*

Naftali alifanya kama watu wa Vungweni wafanyavyo. Aliwaita wazee saba nyumbani kwake. Mkewe akapika sufuria kubwa la makande. Wazee walikula, wakashiba, wakakaa kwenye mabenchi. Priska alikaa pembeni na daftari.

Kwa desturi, mkubwa kwa umri ndiye huanza kusema. Mkubwa alikuwa mzee Lukasi, kipa wa zamani, mwenye miaka sabini na mitano.

"Andika, binti," alisema mzee Lukasi. "Timu hii niliianzisha mimi. Ilikuwa mwaka wa uhuru, elfu moja mia tisa sitini na moja. Tuliwafunga Kihurio mabao matano kwa bila. Loth akafurahi sana. Akasema, chukueni uwanja huu, ni zawadi yenu milele."

Priska aliandika. Kisha akamwuliza mzee wa pili.

"Kama alivyosema mzee Lukasi," alijibu.

Wa tatu akasema, "Mzee amemaliza."

Wa nne alifungua mdomo, akamtazama mzee Lukasi, akaufunga. "Ni hivyo hivyo," alisema.

Priska alimwona alivyofungua na alivyofunga. Wazee walipoondoka, daftari lilikuwa na nusu ukurasa tu.

"Imekwisha," alisema Naftali kwa furaha. "Wazee saba, neno moja! Gideoni atasema nini?"

Usingizi wa Priska siku hiyo ulichelewa kuja. Alikuwa akiuona ule mdomo uliofunguka ukafungwa.

*

Asubuhi alikwenda ofisi ya kata. Humo yumo Bi Safia, afisa maendeleo ya jamii. Bi Safia ni mwenyeji wa Makanya, na wakati huo alikuwa amekaa mlimani miaka minne. Bado alikuwa akilalamika baridi. Alivaa sweta juu ya baibui hata mchana.

"Shikamoo, Bi Safia."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu kiti. Umeleta nini?"

Priska alimpa daftari. Bi Safia alisoma, akatabasamu.

"Mzee Lukasi ana miaka mingapi?"

"Sabini na mitano."

"Haya, tuhesabu. Mwaka wa uhuru alikuwa na mingapi?"

Priska alihesabu kwa vidole. Uso wake ukabadilika. "Kumi na mmoja."

"Mtoto wa miaka kumi na mmoja ameanzisha timu, akapewa na shamba?"

"Kwa hiyo mzee Lukasi ni mwongo?"

"Sikusema hivyo. Mzee akikosea mwaka, hajadanganya. Labda anakumbuka jambo la kweli, ila ameliunga na jambo lingine. Kazi yako ni kulifungua fundo hilo pole pole. Uliwauliza vipi?"

"Tuliwaita wote pamoja. Tukawapikia makande."

Bi Safia alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa mtandio. "Hapo ndipo mlipoteleza. Nyinyi huku mna heshima sana. Mkubwa akishasema, nani atampinga mbele ya watu? Ulimsikiliza mzee mmoja na mabenchi sita. Nenda tena. Mtafute kila mtu peke yake, nyumbani kwake, akiwa anafanya kazi zake. Akikwambia neno, mwulize: uliona kwa macho yako, au uliambiwa?"

"Hilo si kumkosea adabu?"

"Inategemea unavyouliza. Sema, 'Babu, siku hiyo wewe ulikuwa umesimama wapi?' Hapo atakuonyesha mwenyewe."

Priska aliandika hayo pembeni mwa daftari.

"Na miaka je? Wazee hawashiki miaka."

"Usiwaulize mwaka. Waulize ilikuwa kabla ya njaa gani, au baada ya vita vya Kagera, au nani alikuwa mtoto mchanga mgongoni. Kisha tafuta kitu chochote kilichoandikwa tarehe. Na ukimaliza kuandika, msomee mtu maneno yake. Asikie kama ndivyo alivyosema."

"Kaka yangu anasema nirekodi kwa simu."

"Rekodi, lakini omba ruhusa kwanza. Na bado uandike. Simu huanguka mferejini." Bi Safia alimrudishia daftari. "Jambo la mwisho. Usiulize watu wa upande wako tu."

*

Mzee Lukasi alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Priska alimwamkia, akaketi, akashika gunzi, akaanza kupukuchua naye. Hakutoa daftari haraka.

"Babu, zamani mpira ulikuwaje huku?"

Mzee alicheka. "Taabu tupu! Tulikuwa tunacheza pale pale, lakini hapakuwa bapa. Palikuwa mteremko. Ukiupiga mpira vibaya, umekwenda! Unadunda mpaka korongoni. Mchezo unasimama nusu saa. Tulikuwa na sheria moja: aliyeupiga aufuate. Unajua kwa nini nilikuwa kipa?"

"Ulikuwa hodari?"

"Nilichoka kufuata mpira!"

Wote wawili walicheka. Priska aliuliza, "Ule mwaka wa uhuru, mpira ulikuwa wa nini?"

"Wa matambara na kamba za migomba. Tulikuwa watoto. Hata timu haikuwa na jina."

Mzee aliacha kupukuchua, punje mkononi. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Na siku ile mzee Loth alipotoa uwanja," aliuliza Priska kwa sauti ndogo, "wewe ulikuwa umesimama wapi, babu?"

Mzee Lukasi alichukua gunzi jingine.

"Sikuwepo. Nilikuwa Tanga, nakata mkonge. Niliondoka kuna mteremko. Niliporudi nikakuta bapa. Nikaambiwa ni zawadi ya Loth." Alimtazama Priska. "Siku ile nilisema kama nilikuwepo, eti?"

"Ulisema unavyopenda timu, babu."

"Hm. Una ulimi mzuri wewe. Andika kwamba niliambiwa. Kisha nenda Kihurio kwa Kassimu, mkulima wa mpunga. Mechi ya kwanza kwenye bapa tulicheza naye. Miguu yake ilikuwa mibaya kama majembe, lakini kichwa chake kinashika mambo."

Priska alimsomea maneno yake yote. Mzee alisikiliza, akasahihisha jambo moja tu.

"Kamba hazikuwa za migomba. Zilikuwa za katani. Weka sawa."

*

Kihurio kuna joto. Priska aliteremka kwa pikipiki, akamkuta mzee Kassimu kwenye jaruba la mpunga, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Umetoka Vungweni? Kuna nini tena, kesi?" aliuliza mzee Kassimu aliposikia habari. "Mpare wa mlimani bila kesi ni kama makande bila maharage!"

"Hatujafika kwenye kesi, babu. Tunauliza tu."

"Haya, uliza. Lakini kwanza andika kwamba yale mabao matano si kweli. Yalikuwa mawili, na moja lilikuwa la mkono."

Priska aliandika, na akaandika pia kwamba mzee Lukasi alisema tano.

"Mechi hiyo ilikuwa lini?"

"Baada ya ule ukame mkubwa. Tulikuwa tunakula unga wa mahindi ya njano, wa msaada. Kabla ya vita vya Kagera, tena mbali. Ngoja." Mzee Kassimu alinawa miguu, akampeleka nyumbani. Chini ya kitanda alivuta sanduku la bati. Upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe. Yalikuwa majina ya watoto wake wote, na tarehe zao.

"Soma la kwanza."

"Habibu. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kwanza, sabini na tano."

"Habibu alizaliwa Jumapili ile ile. Mimi niko kwenu nacheza, mke wangu yuko hapa anajifungua. Mpaka leo ananisimanga."

Priska alikaa chini kabisa, sakafuni, akanakili tarehe. Alijisikia kama mtu aliyeokota kitu kilichopotea miaka mingi.

"Kwa hiyo bapa lilitengenezwa mwaka wa sabini na nne, wakati wa ukame," alisema. "Nani aliwapa uwanja, babu? Uliona?"

"Hapana. Mimi nilikuta uwanja umekwisha. Ila nakumbuka wachezaji wenu walikuwa na tope lililokauka mpaka masikioni. Tuliwaita kambare. Wakasema, 'Hata sisi tumebeba kidogo tu, waliobeba zaidi ni wanawake.'" Alifikiri. "Mke wa Loth yu hai?"

"Bibi Chiku? Yu hai. Anaishi kwa mjukuu wake, Gideoni."

"Sasa wewe umekuja mpaka Kihurio, na mwenye habari yuko mlangoni kwenu?"

*

"Hapana!" alisema Naftali. "Uende kwa Gideoni? Ukampe mambo yetu?"

"Siendi kutoa, baba. Naenda kuuliza."

"Bibi yule atasema la mjukuu wake."

"Bi Safia alisema tusiulize upande wetu tu."

Priska alichukua daftari, akaenda.

Gideoni alikuwa kwenye tangawizi yake, chini ya uwanja. Majani yalikuwa yamenyauka. Priska aliona hilo kabla hajaamkia.

"Umetumwa kupeleleza?" aliuliza Gideoni.

"Nimekuja kumsalimu bibi na kumwuliza habari za zamani. Ukiruhusu."

"Bibi amezeeka. Hana kumbukumbu."

"Nani hana kumbukumbu?" Sauti ilitoka jikoni. "Gideoni! Jana umekopa kiberiti changu, hujarudisha. Mwache mtoto aingie. Na wewe kakate majani ya ng'ombe. Habari hizi za mpira ni za kabla hujazaliwa."

Gideoni aliondoka akinung'unika. Bibi Chiku alikuwa mdogo, mweupe kichwani, macho makali. Priska alimwamkia kwa magoti. Aliomba ruhusa ya kuandika, akapewa.

"Siku uwanja ulipotolewa, bibi, ulikuwa umesimama wapi?"

"Sikusimama. Nilikuwa natembea, na karai la tope kichwani." Bibi alijishika utosi, kana kwamba karai bado lipo. "Mwaka ule wa ukame ndiva ilikauka kabisa. Tukaona imejaa tope mpaka juu. Ndiyo maana maji hayakuwa yanakaa. Pembe ya msaragambo, ya kuita watu kwenye kazi ya pamoja, ikapigwa, kijiji kizima kikatoka. Vijana wakachimba. Wanawake tukabeba. Lakini tope tulipeleke wapi? Ukilimwaga ovyo, mvua inaliteremsha kwenye mashamba ya watu."

"Mkafanyaje?"

"Mume wangu Loth akasema, limwageni kwenye mteremko wangu. Vijana wakajenga ukuta wa mawe upande wa chini. Tukajaza tope wiki sita. Ukawa uwanja. Siku ya mwisho Loth alisimama pale, akawaambia vijana: 'Mteremko ulikuwa wangu. Bapa hili mmelileta kichwani, ni lenu. Lakini kila mwaka kabla ya vuli mtatoa tope la ndiva. Mkiacha, napanda viazi.' Vijana wakaitikia. Mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa napumzisha shingo."

Priska aliacha kuandika. Sasa alielewa desturi ya tope. Haikuwa mazoezi. Ilikuwa ni ahadi.

Alimsomea bibi maneno yake. Bibi alisahihisha: "Umeandika 'vijana wakajaza.' Nilisema tukajaza. Sisi wanawake. Andika majina, nitakutajia." Akataja majina kumi na tisa. Kumi na saba walikuwa wameshafariki.

Kisha bibi akauliza, "Mwaka huu tope limetolewa?"

Priska aliinamisha kichwa. "Hapana, bibi. Huu ni mwaka wa tatu."

"Nilijua. Maji hayafiki tena kwa Gideoni. Yanakatikia njiani. Ndiyo maana anautamani uwanja, uko karibu na mlango wa ndiva. Haya, andika na hilo."

*

Jioni Priska aliwasomea baba yake na Nickson. Walipofika kwenye ahadi, Naftali aliinua mkono.

"Ruka ukurasa huo," alisema Naftali. "Anza na 'bapa ni lenu', ishia hapo."

"Baba, Bibi Chiku atakuwa mkutanoni. Akisimama akasema lililobaki, sisi tutakuwa nani?"

"Tukilisoma tunajinyonga! Tumevunja sisi wenyewe!"

"Mimi ndiye niliyevunja," alisema Nickson. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi yeye kusema bila utani. "Mimi ndiye niliyesema tope linapasua miguu."

Priska aligeuza kurasa. "Nimeandika mzee Lukasi alikosea mwaka. Nimeandika bao moja lilikuwa la mkono. Nikificha letu tu, nani ataamini mengine?"

Naftali alivaa kofia, akaivua. "Basi utasoma wewe," alisema. "Mimi sina uso."

*

Mkutano ulifanyika Jumatano, pale pale uwanjani. Watu walijaa. Bi Safia alikuja na sweta lake. Mzee Kassimu alipanda kutoka Kihurio na picha ya kifuniko cha sanduku kwenye simu ya mwanawe Habibu.

Priska hakuwa amewahi kusema mbele ya watu. Alifungua daftari, akasoma pole pole. Alisoma nani aliona na nani aliambiwa. Aliposoma "aliyeupiga aufuate", wazee walicheka. Aliposoma majina ya wanawake kumi na tisa, watu waliacha kucheka. Wengi walisikia majina ya mama zao na bibi zao. Kisha akasoma ahadi. Na mwisho akasoma: "Timu ya Ndivani haikutoa tope mwaka huu, wala miaka miwili iliyopita."

Kelele zikaanza. Gideoni alisimama. "Mmesikia! Wamejihukumu wenyewe! Babu alisema wakiacha anapanda. Mimi napanda!"

"Gideoni," aliita Bibi Chiku kutoka kwenye kigoda chake. "Ulisikia neno la mwisho la babu yako, la kwanza hukulisikia. Alisema bapa ni lao."

"Lakini ahadi wamevunja, bibi. Tangawizi yangu inakauka."

"Inakauka kwa nini?"

Mzee Lukasi alisimama, akashika fimbo yake. "Zamani ndiva ilikuwa na kina cha kimo changu. Asubuhi hii nimeipima. Maji yanafika kiunoni. Nusu ni tope. Hata ukipanda tangawizi uwanjani, na tope ukaliacha, baada ya miaka mitano itakauka na huku. Kisha utahamia wapi, kwenye makaburi?"

Watu walicheka. Gideoni hakucheka, lakini aliuliza, "Tope likitoka, maji yatafika kwangu?"

Nickson alisimama. "Tulitoe, kisha uone. Nitaanza mimi. Kesho."

"Nitaona kwa macho yangu," alisema Gideoni. "Sitaki kuambiwa." Akaketi.

Mtendaji aliwauliza wananchi. Mikono mingi ikanyoshwa. Uwanja uliandikwa kwenye ramani kuwa uwanja wa mpira wa kijiji. Na ahadi ya tope iliandikwa kwenye muhtasari, neno kwa neno, kama Bibi Chiku alivyoitaja.

"Hapo mmefanya vizuri," Bi Safia alimwambia Priska baadaye. "Sasa nakili daftari mara tatu. Moja kwa mtendaji, moja shuleni. Likipotea hapa, lipo kule. Ya tatu utaweka wapi?"

Priska alikuwa ameshafikiri. "Kwa Bibi Chiku," alisema.

*

Kesho yake alfajiri pembe ilipigwa. Kwa siku tisa vijana walichimba, na safari hii vijana walibeba pia. Wanawake walibeba, mzee Lukasi alihesabu makarai na kukosea, akaanza tena. Tope lilijaza mashimo ya uwanja. Bibi Chiku alizunguka na mkongojo, akidungadunga ardhi.

"Hapa bado. Na hapa. Nickson, unaita hii kazi?"

Mvua za vuli zilipokuja, ndiva ilijaa mpaka juu. Zamu ya Gideoni ilipofika, alisimama shambani tangu asubuhi. Saa nne maji yalimfikia miguuni. Hakumwambia mtu. Lakini jioni hiyo alileta mawe mawili makubwa kwa mkokoteni, akaziba pengo kwenye ukuta wa chini wa uwanja.

Mwezi wa kwanza, Kihurio walikuja kucheza. Hakuna jezi iliyochanika. Kipindi cha pili Nickson alipiga mpira kwa nguvu zote. Ukapita juu ya goli, ukavuka ukuta, ukadunda kuelekea chini.

"Aliyeupiga aufuate!" alipiga kelele mzee Kassimu, na mzee Lukasi naye akaitikia. Uwanja mzima ukaanza kuimba maneno hayo. Nahodha akaanza kuteremka, kichwa chini.

Hakufika mbali. Mpira ulirudi wenyewe hewani, umelowa na umejaa udongo. Chini ya ukuta, katikati ya tangawizi mbichi, alikuwa Gideoni, ameshika jembe.

"Lengeni vizuri!" alisema. "Mtaniharibia mimea."

Priska alifungua daftari kwenye ukurasa mpya. Aliandika tarehe, matokeo, na majina ya wote waliobeba tope kabla ya vuli. Kisha akaandika pembeni: *Niliona kwa macho yangu.*

Jumatatu alifua jezi kumi na moja. Zilikuwa na tope jeusi la ndiva, gumu kutoka. Alizisugua mpaka saa sita.